Kumpisha Mkwe Aote Jua

Daktari Careen aliuliza swali dogo, na mle chumbani hakuna aliyetaka kulijibu.

"Huyu mama anaota jua saa ngapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido, bega nimeliegemeza kwenye fremu ya mlango, uso nimeuelekeza kwenye ukuta wenye picha ya mtoto anayechanjwa. Mkwe wangu, Mama Ntirampeba, alikuwa amelala kitandani na miguu yake ilikuwa wazi ili daktari aikague. Sikuwa na ruhusa ya kuingia wala kutazama. Lakini masikio hayana kope. Nilimsikia mke wangu Kezia akikohoa kidogo.

"Nauliza jua, jamani. Siulizi siri."

"Huwa hatoki nje," Kezia akasema.

"Kwa sababu ya maumivu ya miguu?"

"Miguu inamuuma, ndiyo. Lakini hata kabla ya miguu kuanza kuuma alikuwa hatoki."

"Tangu lini?"

"Tangu Baba Loyce astaafu."

Daktari akacheka, akidhani anataniwa. "Na Baba Loyce ndiye nani?"

"Huyo hapo mlangoni."

Nikasikia viatu vyake vikija. Alikuwa binti wa Moshi, hana hata mwaka tangu apangiwe Kasulu, na Kiswahili chake kilikuwa cha moja kwa moja. "Shikamoo mzee. Unamfungia mama wa watu ndani?"

"Marahaba. Simfungii," nikasema huku nikiutazama ukuta. "Ni mkwe wangu."

"Sawa. Kwa hiyo?"

Ningeanzia wapi? Kwetu Buha na kwao Burundi, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani ovyo. Hawapeani mikono, hawaketi mkeka mmoja, na mmoja hali chakula machoni pa mwenzake. Siku hizi watu wa mjini wengi wameyaacha mambo hayo. Mama Ntirampeba hakuyaacha. Alivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, Kezia akiwa mgongoni, akaishia Kitanga bila sufuria wala jembe, na heshima ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwao kikiwa kizima. Alipogundulika kuwa na kisukari na kuanzishiwa insulini, tulimleta kwetu mjini kwa sababu Kitanga dawa hiyo haipatikani. Wakati ule nilikuwa karani wa chama cha ushirika. Niliondoka asubuhi na kurudi jioni, na ua wote ulikuwa wake mchana kutwa. Nilipostaafu, mwishoni mwa mwaka 2012, nilitoa kiti changu na redio nikaviweka uani. Yeye akaingia chumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba kukaa kwangu uani ndiko kulikomwingiza ndani.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaegemea ukuta uleule niliokuwa nautazama, ikawa sasa namtazama yeye.

"Mzee, ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Bila hiyo mifupa inauma na mapaja yanakosa nguvu. Huyu mama hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa. Kipimo chenyewe hapa hatuna, damu ingebidi isafirishwe Mwanza. Lakini mtu aliyekaa ndani muda wote huo, sihitaji kubahatisha sana."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilisoma shule ya jioni, tukiwa watu wazima kwenye madawati ya watoto, na mwalimu wetu hakumruhusu mtu kutoka darasani na swali mfukoni. "Na sukari?" nikauliza. "Vitamini hiyo ina uhusiano na sukari?"

"Upo, na haujaeleweka wote. Tafiti zinaonyesha kwamba wenye upungufu wa vitamini D mara nyingi ndio haohao wenye kisukari cha ukubwani, na insulini inafanya kazi kwa kusuasua mwilini mwao. Lakini vitu viwili kukutwa pamoja si lazima kimoja kimezaa kingine. Kuna wagonjwa waliopewa vidonge vya vitamini hiyo sukari ikashuka kidogo, na kuna ambao haikushuka kabisa. Wataalamu bado wanabishana. Kwa hiyo usiende kutangaza sokoni kwamba daktari kasema jua linatibu kisukari."

"Sasa jua ni la nini?"

"La mifupa kwanza. Akipata nguvu atatembea, akitembea sukari itatumika. Mikono na miguu iwe wazi, kila siku. Sindano ziendelee palepale. Na chakula cha mchana kisichelewe, kwa sababu sukari ikishuka ghafla inaua haraka kuliko ikipanda. Mkiona anatetemeka na kutoa jasho la baridi, mpeni sukari, msiogope."

Kutoka ndani Mama Ntirampeba akasema kwa Kiha chake chenye Kirundi, akimwambia Kezia ili mimi nisikie, kwamba amefurahi: daktari amesema ni jua, basi apelekwe kwenye jua, sindano ziishe.

Alikuwa amesikia alichotaka kusikia. Jambo hilo lilinitia wasiwasi ambao haukunitoka tena.

Jioni ileile shemeji yangu Reverien, kaka yake Kezia aliyebaki Kitanga na mashamba, akapiga simu.

"Shemeji, nasikia mama yangu mmemgeuza muhogo wa kuvundika. Mmemfungia gizani."

"Ametolewa gizani. Kuanzia kesho ataota jua."

"Huku kwetu jua lipo la bure kutwa nzima. Hakuna mkwe wa kumficha."

"Na insulini ipo?"

"Mungu yupo."

"Mungu yupo hata Kasulu, Reverien. Insulini ndiyo iko Kasulu peke yake."

"Nikishapura maharage nakuja. Nikimkuta hawezi kusimama, namchukua. Afie kwetu akiwa ameota jua."

Nikakata simu nikasimama uani. Hapa palikuwa na dawa bila jua, kule kulikuwa na jua bila dawa. Angekwenda Kitanga, mkwe wangu angekufa kabla mvua hazijaanza. Na kilichokuwa kinamnyima jua Kasulu nilikuwa mimi, kwenye kiti changu, na redio yangu.

Basi nikaanza kuondoka nyumbani.

Ulikuwa mwezi wa sita, asubuhi za baridi na vumbi jekundu barabarani. Kezia alimchoma mama yake sindano alfajiri, akampa uji, akapika cha mchana na kukiacha jikoni kimefunikwa, halafu akaenda sokoni kwenye meza yake ya dagaa na mawese. Mimi nilitoka nyuma yake. Sikuwa na pa kwenda. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hajui kutembea bila kutumwa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa baraza la Omary fundi cherehani.

"Mzee Theonest, leo tena? Umefukuzwa?"

"Nimempisha mkwe."

"Umempisha apite wapi?"

"Aote jua."

Omary akaondoa mguu kwenye pedali. "Sisi wa Ujiji huwa tunapisha maiti barabarani. Ninyi Waha mnapisha jua!" Wateja wakacheka. "Kwani jua ni moja? Mnunulie la kwake, mzee, wewe ubaki na lako."

"Shona, Omary."

"Nashona. Lakini usinisimamie kichwani, unanifanya nikosee mshono. Kaa."

Nilikaa, nikainuka. Nikaenda sokoni, Kezia akaniona kwa mbali akaanza kutikisa kichwa. "Baba Loyce, wateja wanadhani umekuja kukagua mizani. Tembea." Nikatembea mpaka karibu na Heru Juu, nikawatazama watu wakianika muhogo juu ya miamba, nikarudi. Njiani wenye bodaboda walinipunguzia mwendo wakidhani nimepotewa na kitu. Kitu kilichonila hakikuwa uchovu. Nilikuwa nimeacha nyumba yangu ili mtu aote jua, na sikuwa na njia ya kujua kama kweli anaota.

Jioni nilifika getini nikakohoa. Nikangoja mpaka nisikie mlango wa chumba chake ukifungwa, ndipo nikaingia. Jirani yetu Esteri, aliyeona mambo yote kupitia uzio wa matete, hakuniacha. "Mwenye nyumba anabisha hodi kwake! Ningekuwa mimi ningedai funguo."

Kezia akiwa bado sokoni, Mama Ntirampeba alinipa habari kwa njia yake. Hakusema nami. Alisema na kuku aliyekuwa akidonoa mbele ya mlango wake.

"Kuku, mwambie baba mwenye nyumba kwamba leo nimekaa mpaka mgongo ukawa moto kama ugali."

"Kuku," nikajibu, "mwambie Mama nashukuru. Na muulize kama amekula."

"Kuku, mwambie chakula kimeliwa, na dagaa walikuwa na mchanga."

Baada ya wiki chache Kezia aliniambia kwamba mama yake ameinuka kitandani mwenyewe, kwa kujisukuma na mikono. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, kwa sababu sikujua furaha hiyo niiweke wapi. Lakini kliniki sukari ilikuwa bado juu, na Daktari Careen hakushangaa. "Nilikwambia, mzee. Mifupa kwanza." Mkwe wangu ndiye aliyeshangaa. Alianza kunung'unika kwamba jua la Kasulu halifanyi kazi kwa sababu ni jua la kuiba. Kila sauti ya mguu barabarani alidhani ni mimi, akajifunika. Hakupata kutulia. Kitanga, alisema, angenyoosha miguu bila hofu na sukari ingeshuka yenyewe, bila sindano.

Kezia alinieleza hayo huku akichambua maharage, bila kunitazama. Reverien alikuwa amepiga simu, angefika Jumamosi.

"Basi nitaondoka kabisa," nikasema. "Nitakwenda Kibondo kwa Nathaniel mpaka Ijumaa. Mwambie mama yako kwamba ua ni wake. Hata mkeka auweke katikati."

"Utaweza kukaa Kibondo?"

"Ni kwa mdogo wangu. Kwa nini nisiweze?"

Sikuweza. Nathaniel ana duka la vifaa vya baiskeli karibu na stendi ya Kibondo, na alinipokea vizuri, akanipa kiti na chai ya tangawizi. Nilikunywa nikiwa nimesimama. Nilipanga spoku zake kwa urefu. Nilipanga minyororo. Kesho yake nilianza kuzipanga spoku upya.

"Kaka," Nathaniel akasema, "kaa chini, unanichosha. Mteja ameniuliza kama wewe ni polisi."

"Saa hizi anatakiwa awe anakula."

"Nani?"

"Mkwe wangu."

"Piga simu uulize."

"Nimpigie nani? Kezia yuko sokoni, na mkwe hana simu. Hata angekuwa nayo asingeipokea."

"Basi kaa. Jua lipo, chakula kipo, yeye ni mtu mzima. Unataka nini tena?"

Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu ambacho macho yangu ndiyo yalikizuia kutokea. Alhamisi, siku moja kabla ya ile niliyopanga kurudi, nikapanda basi la asubuhi. Sikumwarifu Kezia kwa sababu nilijua angeniambia nibaki.

Nilifika Kasulu jua likiwa utosini. Getini nikakohoa kama kawaida. Nikangoja mlango ufungwe. Sikusikia kitu. Nikakohoa tena kwa nguvu. Kimya. Nikahitimisha kwamba amekwisha kuingia, amepumzika, nikaingia nami. Nikatoa kiti changu nikakiweka chini ya upenu, kati ya jiko na migomba ya nyuma, mahali ninapokaa siku zote. Nikavua viatu.

"Kuku," nikasema, maana alikuwepo, "mwambie Mama nimerudi mapema. Asisumbuke, nitatoka tena."

Kwa kawaida angegonga ukuta kidogo, au angemjibu kuku. Safari hii kuku peke yake ndiye aliyenitazama.

Niliinuka. Nikakaa. Nikainuka tena nikaenda jikoni, na huko nikaona sinia limefunikwa. Nikafunua. Ugali mzima, dagaa na maharage, mafuta ya mawese yameganda juu yake. Hakuna tonge lililokatwa. Nikampigia Kezia.

"Uko wapi wewe? Simu inasikika vizuri hivi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa Nathaniel?"

"Kwetu. Nimerudi."

"Mungu wangu, Baba Loyce! Mama amekula?"

"Chakula kipo chote."

"Chote? Nimemchoma sindano alfajiri!" Nilisikia vyombo vikianguka. "Fungua mlango wake."

"Nifungue chumba cha mkwe?"

"Fungua, nakwambia! Nakuja!"

Nilisukuma mlango nikiwa nimeinamisha macho. Niliona ukingo wa kitanda, shuka limetandikwa, ndala hazipo. Nikainua uso. Chumba kilikuwa kitupu. Nikazunguka nyuma ya jiko. Mkeka ulikuwepo, umetandikwa juani, na kikombe cha maji pembeni. Ndala moja ilikuwa mwanzoni mwa migomba.

Nikaelewa. Alikuwa hapa nyuma ya jiko niliposimama getini nikikohoa. Mlango wa chumba chake uko ng'ambo ya ua, na ili kuufikia angelazimika kupita mbele yangu akiwa na miguu wazi. Akakimbilia migombani, angoje niondoke. Na mimi nikaleta kiti nikaketi kati yake na chakula chake.

Nilimkuta ameketi chini, mgongo kwenye mgomba, kitenge amejifunika kichwa na uso. Nguo ilikuwa imeloa jasho mpaka imegandamana na mabega. Mikono yake ilitetemeka mapajani. Aliposikia majani yakivunjika chini ya miguu yangu, akakivuta kitenge chini zaidi.

"Mama, hujala?"

"Kuku," akasema, sauti nzito kama ya mlevi. "Kuku, mwambie..." Hakuweza kumaliza.

Nilikimbia. Sijui lini nilikimbia hivyo mara ya mwisho. Nikachukua kopo la sukari jikoni, nikamimina ndani ya kikombe cha maji, nikakoroga kwa kidole nikirudi.

"Mzee Theonest!" Esteri alikuwa ameshapanda juu ya jiwe upande wake wa uzio. "Unafanya nini? Huyo si mgonjwa wa sukari? Unampa sukari?"

"Imeshuka! Pita uje umnyweshe wewe, ni mwanamke mwenzako!"

"Nimpe kwa mkono wangu? Akifa watoto wake waniulize mimi? Sithubutu!" Lakini hakuondoka. Aliweka mikono kichwani akabaki pale juu.

Nikapiga magoti. Nikapitisha kikombe chini ya kitenge. Maji ya sukari yakamwagika kifuani kwake. Nikajaribu tena, akageuza kichwa. Nilipomfuata upande huo, akageukia upande mwingine. Meno yalikuwa yamefungwa. Nilidhani ni ugonjwa, nikaanza kumwamuru kama mtoto, kisha nikamsihi. Alisogeza uso mpaka shavu likagusa mgomba. Ndipo nilipotambua kwamba bado alikuwa na akili kidogo, na akili yote iliyokuwa imebaki alikuwa anaitumia kwa jambo moja tu: asije akafungua mdomo mbele ya mume wa binti yake.

Angekufa hivyohivyo, amefunga mdomo, na kwake ingekuwa ni heshima.

Nikageuka. Niliketi chini pembeni yake nikimpa mgongo, nikielekeza uso kwenye uzio.

"Mama," nikasema, "nimegeuka. Nimefumba macho. Sioni kitu."

Nikafumba kweli. Nikachovya vidole kwenye sukari iliyotuama chini ya kikombe, nikanyoosha mkono nyuma, nikautafuta mdomo wake kwa kupapasa, kidevu, pua, kidevu tena. Nikapata midomo. Ilikuwa ya baridi.

"Esteri! Unaona?"

"Naona!"

"Amefungua?"

"Bado. Sogeza juu kidogo. Hapo!"

Nikabaki hapo. Nzi walinitua usoni na sikuwafukuza. Kisha nikahisi meno yakiachia, taratibu, na ulimi ukigusa ncha ya kidole changu.

"Ameramba!" Esteri akapiga kelele. "Mzee, anameza! Mpe tena!"

Nikampa tena, na tena. Baadaye nikakishika kikombe nyuma ya mgongo, Esteri akiniongoza kutoka juu ya jiwe kama utingo anayemwongoza dereva kurudi nyuma, kushoto, kushoto, inua, basi. Sikuwa na hesabu ya muda. Najua tu kwamba kikombe kilizidi kuwa chepesi mkononi mwangu.

"Inatosha," sauti ikasema nyuma yangu. "Mkwe, utamaliza sukari yote ya mwanangu."

Hakumwambia kuku.

Kezia alifika akihema, aproni ya dagaa bado kiunoni. Akamshika mama yake, akamwingiza ndani, akamlisha ule ugali uliopoa. Nilibaki migombani mpaka niliposikia sauti zao zikiwa za kawaida. Daktari Careen alipompima baadaye alisema mwili ukipata joto jingi insulini nayo huingia damuni kwa kasi zaidi. Juu ya hayo, chakula kimechelewa. "Mwambieni asikae juani bila mtu wa kumwangalia," akasema. Kisha akanitazama pale kwenye korido. "Na mtu huyo asiwe wa kukimbiwa."

Jumamosi Reverien akaja na pikipiki kutoka Kitanga, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta mama yake amesimama mlangoni mwa chumba, amejishika kwenye fremu lakini amesimama. Nilikuwa nimeketi upande wa barabara, nje ya macho yake, nikingoja shemeji aseme maneno ambayo aliahidi kuyasema. Aliyesema alikuwa mama.

"Nifungie mizigo, Reverien. Twende."

"Mama, unasimama! Nilisema nikikukuta umesimama..."

"Nimelishwa na mkwe. Kwa vidole vyake. Nitakaaje katika nyumba hii?"

Alikuwa anakwenda kufa kwa sababu hakufa. Kezia akaanza kulia kwa hasira, akisema kwamba Kitanga hakuna dawa, kwamba mtu mzima hawezi kujiua kwa aibu. Mama yake akamjibu kwa upole kwamba jua lipo. Nikainuka, nikaenda hadi kona ya nyumba, nikarudi. Nilikuwa na maneno mengi ya daktari kichwani na hakuna hata moja lililofaa.

Reverien ni mtu wa shamba na hazungumzi upesi. Alikuja kona niliyokuwa, akasimama mbele yangu.

"Shemeji. Alipokula, ulimwona?"

"Sikumwona."

"Usiniambie hivyo ili kunifurahisha."

"Nilikuwa nimempa mgongo, nimefumba macho."

"Kuna nani aliyeona kwamba umefumba?"

"Mimi!" Esteri akaitikia kutoka kwenye jiwe lake. Nadhani alikuwa amengoja kuulizwa tangu Alhamisi. "Alifumba kama mtu anayeombewa! Alimtia sukari mpaka puani kwa kutoona. Kama angekuwa anatazama, angekosa mdomo namna ile?"

Kutoka chumbani ikasikika sauti fupi, kama kikohozi. Kezia aliniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge akicheka.

Reverien akarudi mlangoni. "Mama, hukula machoni pake. Shahidi yupo."

Nilisikia pikipiki yake ikipoa, chuma kikilia tik, tik.

"Puani kweli alinitia," Mama Ntirampeba akasema. "Hata leo nasikia utamu." Kisha: "Mwambie aniwekee kiti chake kwa namna ileile. Mgongo huku, uso barabarani. Akiweza hivyo, nitakaa. Akigeuka mara moja tu, naenda Kitanga kwa miguu."

"Na sindano?" Kezia akauliza.

"Na hizo sindano zenu."

Reverien aliondoka na siti tupu nyuma yake na debe la mawese tulilompa.

Tangu hapo kila siku asubuhi nampelekea mkeka uani, naweka kiti changu na kumpa mgongo, ninaketi nikitazama barabara. Nyuma yangu nasikia kitenge kikipandishwa magotini, baadaye kifuniko cha sinia, baadaye akitafuna. Nikisikia kutafuna kumesita, nauliza. Ananijibu. Tumeongea mengi kuliko miaka yote iliyopita, kuhusu Burundi, kuhusu Kezia alipokuwa mdogo, kuhusu mahali ambapo dagaa wazuri huuzwa. Nimemweleza mara nyingi habari za vitamini D, na kwamba wataalamu hawajakubaliana. Anasema wakikubaliana nimjulishe.

Sukari yake hupanda na kushuka kama barabara ya Kibondo. Kila nikisikia pumzi yake imebadilika, mwili wangu unataka kuinuka na kugeuka, na siwezi kugeuka. Naishia kuinuka nusu, nakaa, nainuka tena.

"Mkwe," anasema, "tulia. Kila ukiinuka, kivuli chako kinanipita miguuni."

Nakaa.